Nguzo Uwanjani kwa Asajile

Ile mashine ilikaa uwanjani kwa Asajile tangu umande ulipokauka mpaka jua likafika utosini, na haikufanya lolote. Ilisimama juu ya miguu yake mitatu, kichwa chake cheupe kama sufuria iliyofunikwa kikitazama mbinguni, na chini yake kulikuwa na nguzo fupi ya saruji ambayo wapima ardhi waliijenga mwanzoni mwa juma. Mlinzi wao alikaa kivulini akichokonoa meno. Ikupa alipita na ndoo ya maji, akapita tena na kuni, kila mara akiiangalia kwa pembe ya jicho. Kitu kinachofanya kazi hutoa mlio, au moshi, au japo humtoa jasho anayekishika. Hiki kilikaa tu. Aliingia jikoni akafunga mlango, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya mchana.

"Kinafanya nini?" alimwuliza mumewe, aliyekuwa amejificha humo humo kwa kisingizio cha kunoa panga.

"Wanasema kinaongea na setilaiti."

"Wanaongea nini?"

"Ningejua ningekuwa nimejibanza hapa, Mama Maria?"

Waliitana hivyo, Mama Maria na Baba Maria, ingawa Maria mwenyewe alikuwa amelala kule kando ya migomba, chini ya saruji iliyopakwa chokaa. Alikuwa mtoto wao pekee. Homa ilimchukua mwaka wa mafuriko, akiwa darasa la pili, na baba yake aliuza baiskeli ili kaburi lijengewe lisije likazama. Sasa kaburi hilo ndilo lililoleta mashine.

Upande wa pili wa migomba lilikuwapo ghala la chama cha ushirika, tupu tangu wafanyabiashara waruhusiwe kununua mpunga na kakao watakavyo. Chama kilipokufa, ghala liliuzwa pamoja na kiwanja chake, na aliyelinunua ni Ambrose, mtu wa Bondeni pale Kyela mjini, mwenye mashine ya kukoboa na ndugu nusu Tanzania, nusu Malawi. Mawe ya mipaka ya kiwanja yalikuwa yamepotea zamani, mengine kwa mafuriko, mengine kwa akina mama waliohitaji mafiga. Ambrose akachukua ramani ya kiwanja na kamba, akapima kuanzia barabarani. Kamba yake ikapita migomba, ikapita kaburi, ikaishia karibu na jiko la Ikupa.

"Barabara imehama," Asajile alimwambia siku ile. "Ya zamani ilikuwa kule. Hii wameichonga baada ya maji kuila ile ya kwanza."

"Mimi naiona barabara moja tu, ndugu yangu," Ambrose alijibu kwa upole. "Mtoto tutamhamisha kwa heshima. Hata mchungaji nitamleta mimi."

Upole huo ndio uliomchoma Ikupa kuliko kamba. Angetukana, wangejua pa kumshika. Mtendaji wa kijiji, baada ya kusikiliza pande zote mbili na kula kuku wa pande zote mbili, akaamua waitwe wapima wenye vyombo vya kisasa. Wapima wakishindwa kuupata mpaka, alisema, basi vipimo vya Ambrose vitasimama na ajenge ukuta wake. Mawe na mchanga wa ukuta huo vilikuwa vimeshamwagwa kando ya ghala.

*

Kiongozi wa wapima alikuwa mwanamke, Doreen, binti aliyekuja na mabuti ya mpira na suruali yenye mifuko mingi. Ikupa hakumpenda tangu siku ya kwanza, na sababu alikuwa nayo. Wapima walilala katika vyumba vya kupangisha vya Ambrose. Ni kweli kwamba karibu na hapo hapakuwa na vyumba vingine, lakini Ikupa aliona kwamba mtu mwenye nia safi angeweza kulala hata kanisani.

"Mama, nguzo hii siyo mpaka," Doreen alimwambia, akiwa amechuchumaa chini, kwa kuwa Ikupa hakumtolea kigoda. "Ni mahali pa kuanzia tu. Setilaiti zinaniambia hii iko wapi, na ile niliyojenga shuleni iko wapi. Nikiwa na hakika na hizo mbili, naleta mashine nyingine, ile ya kupima pembe na umbali. Naisimamisha hapa, nailenga ile ya shuleni, halafu ndipo natafuta pembe za kiwanja kama ramani inavyosema. Hata kama jiwe lake halipo, mahali pake papo."

"Na kwa nini uijenge kwangu? Kwa nini si kwake?"

"Kwake kuna ghala na miembe. Chombo hakioni mbingu, na mimi siioni shule."

"Lakini kitanda chake umekiona."

Doreen alicheka, kisha akaona kwamba anacheka peke yake. "Nimelala kwake na nimelipa, mama."

"Wote hulipa," Ikupa alisema, akaenda kuchochea moto.

Kabla ya kuondoka siku ile Doreen aliwaita Asajile, mkewe, Ambrose na mtendaji, akawaonyesha msumari wa chuma uliozamishwa juu ya nguzo, wenye alama ndogo ya msalaba katikati. Vipimo vyote vinatoka kwenye msalaba huu, alisema. Nguzo ni mali ya serikali, kuing'oa ni kosa la jinai, na ikisogea kidogo tu kazi yake yote imeharibika. Aliyasema hayo akiwatazama mmoja mmoja, na kila mmoja akamtazama mwenzake.

Kesho yake, Jumamosi, Doreen alirudi na kukisimamisha tena kile chombo cha setilaiti palepale.

"Si ulishapima jana?" Ikupa alimwuliza.

"Jana nilipima. Leo naangalia kama jana sikudanganyika."

"Nani akudanganye?"

"Yeyote. Hata mimi mwenyewe. Udongo wenu huu laini, mguu mmoja wa chombo ukizama kidogo nami nisione, nimeshaharibu." Alikuwa akipima kimo cha chombo kwa utepe, akakipima upya upande wa pili. "Mama, hii kazi ukiwa mtu wa kuamini haraka, huiwezi."

Ikupa alisimama na ufagio wake mkononi. Kwa miezi mingi alikuwa amezungukwa na watu waliomwomba aamini. Aamini kamba, aamini ramani, aamini kwamba mfu hajui alipolazwa. Huyu alikuwa wa kwanza kumwambia kwamba haamini kitu, na hata macho yake mwenyewe anayapeleleza. Moyo wake haukulainika, asije mtu akafikiri hivyo. Lakini siku hiyo alimtolea kigoda.

*

Alasiri, wapima walipoondoka, alikuja Tuntufye, mdogo wake Asajile. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa kuvuka mpaka wa Malawi, leo sukari, kesho mafuta ya taa, na kichwani mwake daima lilikuwapo jambo kubwa linalokaribia kutokea.

"Mwaghonile, shemeji!" alisalimu kwa Kinyakyusa, akapita moja kwa moja hadi kibarazani alipokaa kaka yake. Ikupa alikuwa jikoni akipeta mchele, na ukuta wa jiko ulikuwa wa mabanzi ya mianzi, kwa hiyo hakuhitaji kutega sikio.

"Kaka, kijijini kwetu Mwaya hapa Wajerumani si walikaa?"

"Walikaa."

"Na meli zao zilitia nanga hapo ziwani. Na walipofukuzwa waliondoka mbio. Rupia zao za fedha walibeba?"

"Mimi nitajuaje, Tuntufye?"

"Basi jiulize. Serikali ilete gari, ilete mashine ya thamani ile, ilete na msomi, kwa ajili ya migomba yako? Migomba!"

"Wamekuja kwa kesi ya mpaka."

"Hicho ni kisingizio. Ile mashine inatazama juu ili wewe usitazame chini. Umeona juu ya nguzo wameweka nini? Msalaba! Alama ya Mjerumani ni ipi? Kule Karonga, ng'ambo ya mpaka, walichimba chini ya jiwe lenye msalaba, wakatoa rupia ndoo nzima."

"Nani walitoa?"

"Watu."

"Unawajua?"

"Kaka, mtu akipata rupia utamjulia wapi? Anahama."

Asajile hakujibu, na huko kutojibu ndiko kulikomtisha Ikupa. Mumewe alikuwa mtu mwenye akili zake, mkulima ambaye majaruba yake ya mpunga hayakuvuja, lakini tangu kamba ya Ambrose ipite juu ya mtoto wake alikuwa tayari kusikiliza neno lolote lenye kumwambia kwamba watu wanamficha kitu. Na kweli, watu walikuwa wamemficha mengi mwaka ule.

"Shemeji," Ikupa aliita kutoka jikoni, "usinitie mume wangu wazimu."

"Natania tu, shemeji! Leo hata utani ni kosa?"

Walishusha sauti. Ikupa akapeta mchele uliokwisha kuwa safi.

*

Jumapili Asajile aliamka akisema kichwa kinamgonga. Ikupa alimshika paji la uso, akaliona la baridi, akaenda kanisani peke yake. Aliimba, akatoa sadaka, akamsikia mhubiri akirefusha maombi kama aliyelipwa kufanya hivyo.

Aliporudi, jambo la kwanza aliloliona ni kwamba uwanja umefagiliwa. Katika ndoa yao yote Asajile hakuwahi kushika ufagio. Jambo la pili, pumba za mpunga zilikuwa zimemwagwa kuizunguka nguzo, kama watu wanavyomwaga mahali penye matope. Jambo la tatu lilikuwa jembe, lililoegemezwa ukutani likiwa safi, likidondosha maji.

"Nani kafagia?" aliuliza.

"Mimi. Nilipata nafuu."

"Na pumba?"

"Kuku walikuwa wanachimbachimba."

"Pole na kichwa," Ikupa alisema.

Alingoja mumewe aende kuoga, akaingia chumbani. Neno la kwanza lililomjia halikuwa la mpaka wala la serikali. Alijiambia wamepata. Wamepata na wanataka kugawana wawili. Akainama akatazama uvunguni, akapekua pipa la mpunga hadi kwenye kiwiko, akainua godoro. Alichokipata ni suruali ya mumewe, imelowa tope jeusi mpaka kiunoni, imefichwa nyuma ya kapu. Hapo Mwaya ukichimba kina cha goti unapata unyevu, ukichimba kina cha kiuno unapata kisima. Aliona yote, ndugu wawili ndani ya shimo, maji yakipanda, nyimbo za kanisani zikikaribia mwisho, na hakuna rupia hata moja.

Jioni alishika ufagio ingawa uwanja ulikuwa safi. Kila asubuhi alikuwa akifagia kati ya ile nguzo na ngazi ya kibaraza, na ufagio ulipita mara mbili ndipo akamaliza. Sasa alipitisha mara moja tu akagonga saruji. Hakuhitaji kuambiwa zaidi. Shimo lilijaa maji, nguzo haikusimama, wakaiweka pembeni kwenye udongo mgumu wa kibarazani, wakashindilia kama wanavyoshindilia kingo za majaruba, na ikasimama wima kweli kweli. Watu wazima wawili waliamini kwamba nguzo ni nguzo, mradi imesimama.

Alitaka kumpigia kelele mumewe. Lakini kelele husikika hadi kwa Ambrose, na pengine, alijifariji, nusu hatua si kitu kwa mashine inayoongea na mbingu. Akanyamaza.

*

Jumatatu watu walijaa uwanjani, kwa kuwa ndiyo siku mpaka ungejulikana. Doreen aliisimamisha ile mashine ya pili juu ya nguzo, akainamia jicho lake, akawalenga wenzake waliosimama shuleni na kioo cha kupimia juu ya nguzo ya pili. Akasoma. Akasoma tena. Akaizungusha mashine, akaanza upya. Kisha akawaamuru wabadilishane, kioo kije uwanjani, yeye aende na mashine shuleni. Aliporudi alikuwa ameloa jasho na hasemi na mtu.

"Kuna nini?" mtendaji aliuliza.

"Umbali kati ya nguzo hizi mbili siyo ule wa Jumamosi. Umepungua karibu nusu hatua. Moja imesogezwa."

Minong'ono ikaanza, na kama kawaida, kila mmoja alikuwa na mtu wake tayari.

"Shuleni kuna watoto," Asajile alisema haraka. "Wanapanda, wanakalia. Watoto ni watoto."

"Watoto hawang'oi saruji," Ambrose alisema.

"Basi waulizwe wenye vitanda wanavyolalia wapima."

"Ndugu yangu, mimi nina haja gani ya kuharibu? Nina kamba yangu."

Doreen alipiga magoti kwenye nguzo ya uwanjani, akaisukuma, akazifukua pumba, akakuta udongo mgumu ulioshindiliwa vizuri. Hakuona kitu. Ikupa alimtazama mumewe. Asajile alijifuta uso kwa kofia.

"Rudia na kile chombo cha setilaiti," mtendaji alisema.

"Kimekwenda Mbeya jana, kuna wengine wanakingoja. Hakirudi huku mwaka huu." Doreen alisimama. "Nina nguzo mbili, moja inasema uongo, na sijui ni ipi. Siwezi kumwekea mtu mpaka juu ya uongo."

"Nusu hatua, binti," Asajile alisema, na sauti yake ilikuwa ya kuomba. "Katika umbali wote huo, nusu hatua si kitu."

"Kaburi la mtoto lina upana gani, baba?"

Asajile alitazama chini.

"Basi," alisema mtendaji, kwa furaha ya mtu aliyepunguziwa kazi, "wapima wameshindwa. Neno letu ni lile lile. Bwana Ambrose, vipimo vyako vinasimama."

"Mafundi wanaanza kesho," Ambrose alisema. Akamgeukia Ikupa na ule upole wake. "Mchungaji nitamwona leo hii, mama."

*

Doreen alikuwa akienda shuleni kukusanya vifaa vyake Ikupa alipomfikia njiani, ana mtungi mtupu kichwani ili mtu akimwona adhani anakwenda mtoni.

"Ukijua ni ipi iliyosogezwa," alisema bila salamu, "utaweza kupima?"

Doreen alisimama. "Nikijua ya shuleni haijaguswa, ndiyo. Toka kule naiona nguzo ya zamani iliyoko mlimani, naijua ilipo. Nitailenga hiyo badala ya ya kwako."

"Na aliyeisogeza watamfunga?"

"Sijui, mama. Mimi nitasema imesogezwa. Sitasema na nani. Lakini watu wana macho."

Ikupa aliutua mtungi. Alimfikiria Asajile akiuza baiskeli, akitembea kwa miguu msimu mzima na magunia kichwani ili mtoto wake asilale kwenye maji. Mtu huyohuyo ndiye aliyechimba, na mtu huyohuyo ndiye aliyesimama uwanjani akaacha mtoto achukuliwe kwa sababu alikuwa anaogopa. Alimwonea huruma. Na alimkasirikia vilevile.

"Ni ya nyumbani," alisema. "Ilikuwa mbali na kibaraza. Kati yake na ngazi ufagio wangu ulikuwa unapita mara mbili. Sasa unapita mara moja."

"Ufagio," Doreen alisema.

"Ufagio."

Doreen hakucheka. Alitazama mlima, akatazama njia waliyotoka. "Samahani, mama, siwezi kukuamini. Pengine unamkinga mtu, pengine umetumwa. Lakini kama ilikuwa mahali pengine, shimo lake lipo. Nitachimba, halafu nitapima kutoka shuleni mpaka kwenye shimo. Umbali wa Jumamosi ukitokea, nitaamini shimo."

"Chimba," Ikupa alisema. "Ila usiniangalie ukifika pale."

Hakumwangalia. Alifika uwanjani akamwambia mtendaji kwamba hajaridhika, akaomba jembe, na wa kulitoa akawa Asajile mwenyewe. Nusu hatua kutoka kwenye nguzo, upande wa migomba, jembe lilizama mpaka kwenye mpini na maji meusi yakaruka. Tope lilikuwa na vipande vya saruji vilivyovunjika wakati wa kung'oa. Doreen alipeleka kioo juu ya shimo, akaenda shuleni, akapima. Aliporudi alisema neno moja tu.

"Hapa."

Ambrose ndiye aliyeanza, na safari hii upole ulikuwa umekwisha. "Mtendaji, kabla hakijapigwa kigingi chochote, aliyeng'oa mali ya serikali aondoke hapa. Uwanja ni wa nani huu? Shimo ni la nani?"

Mtendaji aliyeaibishwa mbele ya watu ni mwepesi wa kuita mgambo. Walipomtafuta Tuntufye, ambaye habari zake za rupia kijiji kizima kilizijua, waliambiwa amevuka mpaka alfajiri. Walimshika Asajile peke yake, wakamfunga mikono kwa kamba, na mmoja akaokota lile jembe kuwa ushahidi. Asajile hakubisha. Alikuwa akitikisa kichwa polepole, akirudia jina moja chini kwa chini, kiasi kwamba wengine walidhani anasali.

"Tuntufye," alikuwa akisema. "Tuntufye."

Walipokwisha kumpitisha kwenye kona ya ghala, Doreen alianza kupima. Ikupa alisimama kando ya kaburi, na hakuna jirani aliyekuja kusimama naye.

*

Siku iliyofuata alipanda baiskeli ya kukodi hadi Kyela mjini, amepakata bakuli lililofungwa kwenye kitambaa. Kituoni askari alilifungua, akalinusa, akalisukuma mbele yake.

"Onja."

"Ni chakula cha mume wangu."

"Ndiyo maana. Onja."

Ikupa alikula tonge la wali akiwa amesimama, mbele ya watu waliokuwa kwenye benchi.

"Na samaki."

Akala na samaki. Askari alimtazama akitafuna mpaka alipomeza, akangoja kidogo, ndipo akamruhusu kupita. Asajile alikuja kwenye nondo bila mkanda na bila viatu, ameshikilia suruali kwa mkono. Alikuwa amezeeka kwa siku moja. Ikupa akampitishia bakuli chini ya nondo.

"Umemwona Tuntufye?"

"Yuko Karonga."

"Akae huko huko. Mwambie hana kaka. Akifa sitamzika, nikifa asinizike." Alisogeza uso kwenye nondo. "Ni yeye, Mama Maria. Tulikuwa wawili tu. Yule binti alikwenda moja kwa moja kwenye shimo, hakupapasa. Alijuaje? Tuntufye alimwambia Ambrose, Ambrose akamwambia yule binti kitandani kwake huko. Walinipangia tangu mwanzo. Rupia! Walitaka nichimbe ili nifungwe, na wao wapate eneo."

Alikuwa ameyapanga yote, na yalipangika vizuri. Ikupa aliyasikiliza mpaka mwisho. Kijijini pia watu walikuwa wamefikia hapohapo, na hakuna aliyemtaja Ikupa. Tuntufye alikuwa mbali, amelikimbia balaa alilolianzisha mwenyewe, na wala hakuwa na haki ya kulalamika. Ikupa angeweza kuitikia tu, kisha akarudi nyumbani na kumngoja mumewe kama mke yeyote. Aliona pia kwamba mumewe amezungumzia kila kitu isipokuwa kaburi.

"Si Tuntufye," alisema. "Ni mimi."

Asajile alimtazama kama mtu anayemtazama mgeni.

"Wewe ulijua nini?"

"Nilijua tangu Jumapili. Nilikuta uwanja umefagiliwa. Jumatatu nilimfuata yule binti njiani, nikamwambia ni ya nyumbani."

"Ulijua, ukanyamaza?"

"Nilinyamaza. Nawe ulinyamaza, Ambrose aliposema anamleta mchungaji."

Asajile alilisukuma bakuli nje ya nondo, likamwagika kidogo juu ya mikono ya Ikupa, akageuka akaenda kukaa chini ukutani, amempa mgongo. Askari alikohoa kwa nyuma kuashiria kwamba muda umekwisha. Ikupa alianza kukifunga kitambaa, machozi yakimdondoka juu ya chakula alichokwisha kukionja mbele za watu.

"Mtoto yuko upande gani?" Asajile aliuliza ukuta.

"Kwetu."

Asajile akanyoosha mkono nyuma, bila kugeuka, na Ikupa akapiga magoti, akapitisha bakuli chini ya nondo, akalisukuma mpaka likafika mkononi mwake. Asajile alianza kula. Askari akasema tena kwamba muda umekwisha, na Ikupa akamjibu kwamba anangoja bakuli.